Tano Hadi Moja: Mchoraji wa Nchi Kavu

Ukiteremka barabara ya Magadi hadi Oltepesi, jua hukupokea kabla ya mwenyeji. Nchi hii ina wachoraji ambao hawakuwahi kununua brashi dukani. Nawahesabu kinyumenyume, asiyeridhika na mpangilio wangu apange wake.

5. Morani aliyeshiba. Kule Lukenya, upande wa Athi River, morani wa Kimaasai waliojitenga kwenye olpul, kambi ya kula nyama, waliacha michoro ya ngao na chapa za ng'ombe kwenye miamba. Mtu ameshiba, simu hana, afanye nini?

4. Mwenye ngao. Hapa nitakaa kidogo. Ngozi ya nyati. Rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro yake, sirata, ilitaja rika na kikosi cha mwenyewe, hivyo adui alijua anapigwa na nani. Wezi wa siku hizi hawatupi heshima hiyo. Ilikuwapo pia alama nyekundu ya ushujaa, na hakuna aliyejichorea bila ruhusa ya mkuu wa morani. Uchoraji na uongozi vilikaa kigoda kimoja. Leo mwanasiasa akija Kajiado kuomba kura, anavishwa shuka na kupewa rungu kabla hajaruka hata mtaro!

3. Binamu wa mbali. Clifford Possum Tjapaltjarri, Mwaborijini wa jangwa la kati la Australia, alichunga ng'ombe, akawa mchoraji, kisha mwenyekiti wa Papunya Tula, kampuni ya wachoraji iliyoanzishwa 1972. Kwao pia, hadithi ya mababu huchorwa na mwenye haki nayo. Mchoro wake *Warlugulong* wa 1977 ulinunuliwa kwa dola 1,200. Mwaka 2007 ukauzwa kwa dola milioni 2.4 za Australia. Mzee alikuwa amefariki 2002. Heri ng'ombe, huzaa ukiwa hai.

2. Bendera ya Kenya. Ngao ya Kimaasai iko katikati yake tangu 1963. Mrabaha? Cheka polepole.

1. Babu wa wote. Olorgesailie, jirani na Oltepesi. Mwaka 2018 watafiti wa Smithsonian na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza mabonge ya madini mekundu na meusi ya kutengenezea rangi, yenye umri wa miaka 300,000 hivi. Bonge moja limekwanguliwa na kutobolewa. Binadamu hajajua kupanda hata mtama, tayari anatafuta rangi!

Basi ukiwakuta akina mama wakiuza shanga kando ya barabara, usianze na "punguza kidogo". Uliza kwanza rangi hizo zinasema nini, kisha toa pesa.