Nilikuwa Wapi Bao Likiingia

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Shule zimefungwa jana. Nimeandika mipango mitatu ya likizo nyuma ya karatasi ya mtihani wa Gredi ya 7: kufanya mazoezi, kusafiri mahali, na kutazama mechi zote za Harambee Stars, timu ya taifa, katika mashindano ya soka ya CHAN bila kukosa hata bao moja. Ndiyo mara ya kwanza Kenya kucheza mashindano haya. Yanaitwa CHAN 2024 na yameanza leo, mwaka 2025, kwa sababu yalisogezwa kutoka Februari ili viwanja vimalizike. Sina neno. Mimi kodi ya Julai nimeilipa leo asubuhi.

Jumapili, 3 Agosti
Mechi ya kwanza saa tisa, Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uwanja wa Kasarani. Televisheni yangu ilikuwa kwa fundi Kawangware tangu Juni. Fundi aliniambia kwa simu, "Niko fifte-siksi." Nikashuka fote-siksi. Hizi ni sehemu mbili za Kawangware zinazoitwa kwa namba za matatu, na hakuna anayezichanganya isipokuwa mtu aliyekaa mtaa wa Ayany, Kibera, miaka kumi na moja akidhani anaijua Nairobi. Nilimsubiri nje ya duka la simu dakika arobaini. Naye alikuwa akinisubiri. Kila mmoja alimwambia mwenzake, "Si niko hapa hapa, hunioni?"

Mwishowe alikuja yeye. Alinikabidhi televisheni imefungwa kwa shuka, akasema imepona kabisa. Wa bodaboda aliitazama televisheni, akanitazama mimi, akasema mia sita. Nikaamua kutembea hadi Dagoretti Corner.

Nilikuwa nimefika steji ya Kongo, maana Kawangware nako kuna Kongo, wakati vibanda vyote vya kando ya Barabara ya Naivasha vilipopiga kelele pamoja. Austin Odhiambo amefunga, kipindi cha kwanza kikiwa kwenye dakika za nyongeza. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Kijana mmoja alinijia kwa mikono miwili, akakuta televisheni imetangulia, akaikumbatia hiyo. Mechi ikaisha moja bila. Kwa hiyo Kenya ikiifunga Kongo mimi nilikuwa Kongo, nimebeba televisheni ya inchi 32 kifuani.

Jumanne, 5 Agosti
Nimenunua viatu vya mbio soko la Toi, shilingi 800. Muuzaji alianza na elfu mbili. "Hizi ni kamera, Mwalimu, daraja la kwanza, zimetoka kwa bale leo." Alivyojua mimi ni mwalimu sijui. Nafikiri ni namna nilivyozihesabu zile noti.

Nyumbani nimegundua cha kulia ni namba 42 na cha kushoto 44. Mguu wangu ni 43. Kwa hesabu ya wastani nimenunua sawasawa.

Jumatano, 6 Agosti
Mazoezi. Nimetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ya Agosti ikiwa bado ni ya Julai. Mwezi uliopita, tarehe 5, Faith Kipyegon alikimbia mita 1,500 huko Eugene, Marekani, kwa dakika 3 na sekunde 48.68, rekodi ya dunia. Nikawasha saa ya simu ili nipate kujipima. Dakika 3 na sekunde 48 zilipotimia nilikuwa bado getini nakaza kamba ya kiatu cha 44.

Kufika Makina pumzi zikaniishia. Wanubi, wenyeji wa Makina, ndio waliopaita mahali hapa Kibra, yaani msitu. Nilitafuta mti wa kuegemea, sikuupata. Nikaegemea ukuta wa mama wa mandazi. Akanimiminia chai bila kuuliza. Nimekula mandazi manne na kurudi nyumbani kwa matatu. Mtoto wa jirani alinikuta ngazini nikihema. "Mwalimu, umekimbia hadi wapi?" Nikamwambia mbali.

Alhamisi, 7 Agosti
Kenya na Angola, saa moja usiku. Televisheni iko mahali pake, chai iko mezani, nimeketi dakika ishirini mapema. Angola wakafunga mwanzoni tu. Nililiona vizuri sana, hata marudio yake.

Muda si mrefu mwamuzi akaipa Kenya penalti. Odhiambo akauweka mpira. Tokeni zikaisha.

Nilinunua za mia mbili kwa simu. Tokeni ni tarakimu 20. Nikaziandika kwenye mita kwa tochi ya simu hiyo hiyo yenye ujumbe wa tokeni, maana yake nikiangaza mita sioni ujumbe, nikisoma ujumbe sioni mita. Mara ya kwanza mita ilikataa. Mara ya pili ilikataa. Miwani ilikuwa juu ya televisheni. Kutoka ghorofa ya upande wa pili nikasikia Ayany nzima ikishangilia. Mara ya tatu stima ikarudi, nikakuta moja kwa moja, na hivyo ndivyo ilivyobaki hadi mwisho.

Wachezaji wameahidiwa na Rais shilingi milioni moja kila mmoja kwa ushindi, nusu milioni kwa sare. Kwa usiku wa leo mimi nimepata uniti saba.

Ijumaa, 8 Agosti
Miguu. Sijatoka.

Jumapili, 10 Agosti
Leo sikutaka kubahatisha stima. Nimekwenda kibanda cha video pale Olympic, kiingilio shilingi hamsini, Kenya na Morocco. Nilikaa kando ya mzee mmoja wa mtaa wetu, naye akaanza na 1987 kama kawaida: Gor Mahia na Espérance, mbili kwa mbili kule Tunis, moja kwa moja Kasarani, Kombe la Mandela likabaki Kenya kwa mabao ya ugenini. Alikuwepo. Sijawahi kukutana na mzee wa Ayany ambaye hakuwepo. Uwanja ulijengwa kuchukua watu 60,000 na naanza kuamini tulipeleka nusu yao. Mwaka huo huo, uwanjani humo humo, Kenya ilifika fainali ya Michezo ya Afrika ikafungwa na Misri moja bila. Siku hiyo wazee wote walikuwa mashambani.

Nilikuwa nimevaa viatu vya mbio kwa kuwa vile vingine nimeviosha. Kipindi cha kwanza kikielekea mwisho, kijana wa nyuma akanisukuma, cha 44 kikatoka, kikaingia chini ya benchi. Nikainama. Nikiwa huko chini, benchi zima likasimama. Niliona miguu mingi ikirukaruka, mingine juu ya kiatu changu. Nilipoinuka Ryan Ogam alikuwa ameshafunga, wenzake wako juu yake, na mzee ananilowesha soda. "Umeona hiyo? Umeona?" Nikasema nimeona. Ni uongo wa kwanza wa likizo hii.

Kenya ikabaki na wachezaji kumi na bado Morocco hawakupata kitu.

Jumatano, 13 Agosti
Kusafiri. Wazo lilikuwa Mombasa kwa SGR. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda, na mtu akishafika Mombasa itabidi arudi. Nimejumlisha nauli, fundi, viatu, tokeni. Kisha nikafuta Mombasa na kuandika: treni ya jioni ya Kikuyu, Nairobi hadi Kibera. Nayo ni treni.

Mara tu baada ya kupata kiti, mama mmoja aliyekuwa amesimama aliniwekea mtoto mapajani. "Nishikie tu kidogo, baba." Mtoto alikuwa amelala na jasho la kutosha. Umati ukaingia, mama akasukumwa polepole hadi mlango wa pili, nikawa namwona kitambaa cha kichwa tu. Tukafika Kibera. Nikafikiria kushuka na mtoto wa watu. Nikafikiria kumwacha kwenye kiti. Nilipokuwa bado nafikiria, treni ikaondoka, mabati ya Kibera yakapita dirishani karibu kabisa, na nyuma yake kule ni mtaa wangu, na nyumba yangu, na chakula changu. Reli hii ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Sidhani mimi ndiye wa kwanza kupitishwa kwake.

Dagoretti mama akaja kumchukua mwanawe. "Asante sana baba. Ulikuwa ushuke wapi?"

"Hapa hapa," nikamwambia. Nikashuka. Nimefika nyumbani saa tatu.

Alhamisi, 14 Agosti
Keriteka wa jengo letu amebandika karatasi langoni: maji hayatakuwepo "kwa muda mfupi". Hakuandika tarehe.

Jumapili, 17 Agosti
Muda mfupi unaingia siku ya nne. Jirani wa namba 9 alinialika kutazama mechi ya Zambia kwake kwa kuwa televisheni yake ni kubwa, na kwa kuwa viti vyangu viko kwake tangu Pasaka. Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Cha pili hakuna kitu. Karibu robo saa ibaki, mtu wa mkokoteni akaita huko chini: maji! Nikateremka na mitungi miwili ya lita ishirini. Nikiwa ghorofa ya pili, napanda, mitungi yote mikononi, jengo likatetemeka. Ogam tena. Moja bila. Kenya inaongoza kundi kwa pointi kumi.

Nilipoingia hakuna aliyeniambia bao lilivyokuwa. Walikuwa wananitazama. Jirani, ambaye ni mhasibu na ana tabia ya kuweka kumbukumbu, akaanza kwa upole. "Mwalimu. Kongo tukifunga ulikuwa wapi?" Nikamwambia. "Angola?" Nikamwambia. "Na Morocco?" Nikamwambia chini ya benchi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na la Angola lenyewe, lile walilotufunga, uliliona?"

Nililiona.

Mkewe alinibebea mtungi mmoja hadi mlangoni kwangu.

Jumanne, 19 Agosti
Kwa kinyozi. Mazungumzo yalikuwa juu ya McDonald Mariga: Mkenya wa kwanza kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya, akiwa na Inter mwaka 2010, kisha mwaka 2019 akaja kuomba kura hapa Kibra katika uchaguzi mdogo, akashindwa. Kinyozi anasema kumchezea kocha José Mourinho ni rahisi kuliko kuomba kura Kibra. Alisema hayo akiwa ameinua mashine, halafu akaishusha mahali tofauti na alipoitoa. Nimekuja nyumbani na kofia.

Wa namba 9 ametuma ujumbe: mechi ya Ijumaa ni kwake tena, na "tutaongea kuhusu mpango wa kukaa".

Ijumaa, 22 Agosti
Robo fainali, Kenya na Madagaska. Mpango wa kukaa ni kwamba mimi nitakaa ngazini. Wameniwekea stuli, blanketi kwa ajili ya baridi, na chapati mbili na maharagwe juu ya sahani iliyofunikwa. Kama ni kutengwa, nimetengwa kwa heshima. Keriteka alipita akauliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia nasaidia timu ya taifa.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, jengo likatetemeka. Alphonce Omija, kichwa. Mlango ukafunguliwa, jirani akanishika bega kwa furaha, machozi yanamlenga. "Ingia Mwalimu, ingia uone marudio!" Nikasema afadhali nibaki. Akanivuta. Nikaingia, nikaona marudio, ni bao zuri. Nikaombwa nikae, na kwa kuwa viti ni vyangu nikakaa.

Hazikupita dakika ishirini na tano, Madagaska wakapata penalti wakasawazisha. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Niliinuka mwenyewe, nikachukua blanketi.

Muda wa ziada nimeusikilizia ngazini. Penalti pia. Huko unajua mambo kwa sauti: kelele, Kenya imefunga, kimya, wamefunga wao, kimya kirefu, Kenya imekosa. Kimya cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko vyote. Nne kwa tatu.

Jirani akatoka, akasimama ngazini na mikono kiunoni.

"Sikuingia," nikamwambia.

"Ulichungulia dirishani."

Nilichungulia. Mara moja tu, penalti ya tatu, na shingo ilikuwa imekufa ganzi. Nimeacha blanketi mlangoni na kurudi kwangu. Viti sikuulizia.

Jumatatu, 25 Agosti
Muhula wa tatu umeanza. Nimewaambia Gredi ya 7 waandike insha kuhusu likizo. Mmoja aliniuliza mimi likizo nilifanya nini. Nikamwambia afungue ukurasa mpya na aandike tarehe.

Maji yamerudi.

Jumamosi, 30 Agosti
Fainali Kasarani, Morocco na Madagaska. Nimetazama peke yangu, kwangu, tokeni za mia tano, miwani usoni, viatu nimevua mapema. Mabao matano yamefungwa, Morocco tatu, Madagaska mbili, na yote matano nimeyaona tangu mpira ukiwa mbali. La mwisho Oussama Lamlioui alilipigia mbali mno hata nilipata muda wa kuweka kikombe chini. Wa namba 9 hayupo, amekwenda matanga Siaya. Sina shahidi.

Saa tatu televisheni imezimika yenyewe. Tokeni zipo. Nimempigia fundi. Anasema niilete tu kesho, isipokuwa amehama, siku hizi yuko fote-siksi.