Mashine Isiyomjua Mwenyekiti

"Wewe mura, hii mashine yako ni ya ukoo gani?"

Mwenyekiti aliniuliza hivyo mbele ya bodi nzima ya chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Tarime mjini, na masikio yangu bado yanawaka. Mzee huyu, kuanzia Sirari mpakani hadi ukingo wa Mto Mara, hakuna asiyemjua. Ng'ombe wake wanajulikana kwa rangi. Siku ile boksi jeusi, seva yetu ya barua pepe, lililo chini ya meza ya mhasibu, ambalo hundi yake alitia saini mwenyewe, lilimjibu kwenye kioo cha simu kwa namba 535, yaani sikutambui. Mweka hazina akacheka kwa pua. Mama mjumbe akaniuliza kwa upole, ule upole unaochoma, "Mwanangu, hii kazi ulisomea wapi?"

Bodi haikutaka maelezo. Nyinyi mtayapata.

Utaratibu wa kutuma barua pepe ulipoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, seva haikumuuliza mtu nywila. Ukileta barua inapokelewa, inasafirishwa, kwaheri. Watumiaji walikuwa wachache na wengi wao walijuana. Baadaye matapeli wakagundua kwamba wanaweza kuingia kwenye seva ya mtu bila hodi na kusambaza takataka zao dunia nzima kwa jina lake. Mwaka 1999 ukatoka utaratibu wa seva kuuliza kwanza: wewe ni nani, na una ushahidi gani?

Sasa utamu wenyewe. Postfix, programu ya kusafirisha barua aliyoiandika Wietse Venema akiwa IBM na kuitoa mwaka 1998, kwa kawaida haina hata nywila moja kichwani. Ni mlinzi wa geti asiye na daftari: kila anayefika, swali linapelekwa ndani. Ndani yupo Dovecot, kazi ya Timo Sirainen wa Finland, na huyo ndiye anayejua nani ni nani. Wawili hawa wanaongea kupitia soketi iitwayo auth, iliyomo kwenye saraka ya /var/spool/postfix/private. Haikuwekwa humo kwa bahati. Kwenye Debian, sehemu ya Postfix inayopokea wageni imefungiwa ndani ya /var/spool/postfix. Kitu kikiwa nje ya hapo, kwake hakipo duniani.

Na nywila yenyewe husafiri imevaa Base64, ambayo huchukua baiti tatu na kuzifanya herufi nne. Andika "Mara" utapata TWFyYQ==. Inatisha kuitazama, lakini mtoto mwenye simu anaigeuza ikawa Mara tena kabla chai haijapoa. Ndiyo maana lazima mazungumzo yote yafunikwe kwanza kwa TLS, kwenye mlango wa 587, ndipo mtu aombwe nywila.

Mwenyekiti aliandika anwani yake nzima: jina, kile kialama cha @, na jina la chama. Dovecot ikaipeleka yote kama ilivyo kwa PAM, sehemu ya Linux inayowatambua watumiaji, na PAM inawajua kwa jina moja tu. Mtu mwenye jina refu namna ile haikumwona. Tena Dovecot ina tabia ya kusubiri sekunde mbili kabla ya kutamka hapana, ili kuwachosha wanaobahatisha nywila. Sekunde mbili hizo bodi nzima ilishika pumzi. Dawa ilikuwa mstari mmoja, auth_username_format = %n, unaokata kila kitu kuanzia kwenye @. Mzee akaingia. Asante sijaipata hadi leo.

Usiku ule nikafungua kumbukumbu za seva. Watu nisiowajua, kutoka nchi nisizowahi kufika, walikuwa wanajaribu admin, info, test, admin tena. Kumbe dunia yote ilishatujua.

Na vituko vya kwetu havikukosekana. Huko Mugumu, karani wetu aliandika nywila ya ofisi kwa kalamu nene kwenye kalenda ya ukutani.

Huko Sirari, simu ya wakala wetu ilidaka mtandao wa Kenya, salio likaishia kwenye barua moja.

Hayo nacheka. Lisilonichekesha ni hili. Tumeweka nywila, tumeweka TLS, kila barua tunaitia saini ya DKIM kuonyesha imetoka kwetu, na SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu, imeandikwa inavyotakiwa. Bado taarifa ya mkopo ya mama wa Nyamwaga, anayotumiwa kwenye sanduku lake la bure la kampuni kubwa ya ng'ambo, inatupwa kwenye taka. Sababu? Anwani yetu ya intaneti imepakana na anwani za watu waliowahi kutuma uchafu. Mama analipa marejesho kila mwezi, na dhambi za jirani asiyemjua zinahesabiwa kwake. Mwenye mtandao tuliyemwomba abadilishe anwani anajibu kila siku kwamba suala linashughulikiwa.

Nikajaza fomu ya malalamiko ya kampuni ile. Jibu lilikuja usiku uleule kwa barua pepe: hatuwezi kuwathibitisha. Barua iliingia kwa mlango wa 25, ule wa wageni, ambao hauombi nywila, na seva yetu ikaipokea vizuri kabisa.