Mwindaji wa Kisasa

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, Iringa na Mbeya zikiwa zimejikunyata kwa baridi. Ndiyo maana mheshimiwa wetu hununua vifaa vya baridi: koti zito kutoka mitumba ya Mwanjelwa, buti za theluji, soksi za sufu. Kisha anashuka Pawaga, ambako jua la mchana halijui vyeo, na koti linakuwa mzigo wa kijana wa watu.

Usangu amenyimwa. Ramani yake ni ya kabla ya 2008, wakati sehemu kubwa ya bonde lile ilikuwa bado haijaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Kwenye rangi ndipo penye mambo. Amechagua buluu na nyeusi, zinampendeza pichani. Mitego ya mbung'o nayo hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo, maana ndizo zinazowavuta. Rafiki yake, mjanja zaidi, kavaa mabaka ya kijeshi. Swala huenda wasimwone. Polisi watamwona, kwani raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi.

Mzee anayewaongoza, Mhehe wa maneno machache, ana kaki iliyopauka, kofia pana, makatambuga, dumu la maji na fito tatu zilizofungwa pamoja juu. Ndizo za kuegemezea bunduki mahali pasipo na mti. Darubini yake ndogo huning'inia shingoni. Ya mheshimiwa, kubwa kama kinu, imebaki garini pamoja na soda za baridi.

Pofu bado wanakula majani mbali kule. Upepo ukigeuka watayapata manukato ya mheshimiwa, na ni ya bei kweli kweli.