Rejeta Ikitoka Nje, Imeingia Ukoo

Kompyuta ikikaa ndani ya kasha lake hakuna anayeihoji. Wapangaji wanajua ni ya kazi, mama mwenye nyumba anajua inakula umeme, watoto wanajua ukiigusa unachapwa. Thubutu kutoa kiungo chake kimoja nje, ukitundike mgongoni mwa kasha watu wakione, ndipo utakapogundua kwamba kumbe hukuwa unaishi na wapangaji wenzako. Ulikuwa unaishi na kamati.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na ofisi yangu ni chumba kimoja cha kupanga Magomeni. Harusi ya siku hizi haiji peke yake. Inakuja na kichen pati, sendofu, ndoa yenyewe na ukumbi, vyote vimepigwa na kamera tatu kwa ubora wa 4K, na kila shangazi anataka aonekane akicheza. Kuhariri ni starehe. Kimbembe ni kurenda, yaani pale kompyuta inapokaa kuyapika yote yawe faili moja la kumkabidhi mteja. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na jua la Dar es Salaam likishika, chumba kinafika nyuzi 32 kabla sijawasha hata taa. Prosesa nyingi za sasa zikigota kwenye nyuzi 95 au 100 hujipunguzia mwendo zenyewe zisije zikaungua. Yangu ilikuwa inagota kabla bibi harusi hajashuka kwenye gari.

Binamu yangu aliyeko Muscat alipobadilisha kompyuta yake, akanitumia mtumba wa mfumo mzima wa kupoza kwa maji: rejeta ya shaba ya milimita 360, pampu, mipira, tangi la plastiki angavu, na kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji. Mali safi. Tatizo ni kwamba kasha langu limepewa nafasi ya feni moja ya milimita 120, na rejeta ile inabeba feni tatu na ina urefu wa karibu sentimita 40. Haiingii humo hata uisomee dua. Ikabidi ikae nje.

Jirani mmoja aliponiona nimeiweka mezani aliniuliza ni nani kaniroga nikaitie kompyuta maji. Nikamwambia mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1985 Wamarekani walitoa kompyuta kubwa iitwayo Cray-2, na vyombo vyake vyote vya ndani vilizamishwa kwenye kimiminika kisichopitisha umeme. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika. Na kabla rejeta za kompyuta hazijawa bidhaa ya dukani, vijana wa Marekani walikuwa wakichomoa vijirejeta vya hita za magari mabovu na kuvifunga kwenye kompyuta zao. Tena kuiweka nje kuna faida yake: maji hayawezi kupoa kuliko hewa inayopita kwenye rejeta. Ndani ya kasha hewa hiyo imeshachemshwa na kadi ya picha. Nje, angalau ni ile ile ya chumbani. Jirani alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa ikivuja?" Hilo nalo lilikuwa swali.

Nilihitaji fremu ya kuishikia. Mtaani kwetu chuma ni chuma, na fundi wa kuchomelea ndiye bingwa wake, hata kama maisha yake yote ametengeneza mageti na madirisha ya nondo. Nikampelekea rejeta na karatasi ya vipimo. Matundu ya feni ya milimita 120 yanaachana milimita 105, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Fundi akaitazama karatasi kwa heshima, akaikunja, akaitia mfukoni, akachomoa futi yake ya inchi.

"Hii ni inchi nne, bosi."

"Ni inchi nne na kitu, fundi."

"Na kitu ndiyo hiyo hiyo nne. Ukikaza, chuma kinatii."

Inchi nne kamili ni milimita 101.6. Chuma hakikutii. Kila tundu lilikuwa limekosana na mwenzake kwa milimita tatu na ushee, umbali ambao kwenye geti hauna maana yoyote, ila kwenye rejeta unamaanisha skrubu inachungulia nusu na kugoma. Fundi hakushtuka. Akaingiza mkono kwenye kopo akatoka na skrubu za bati, zile ndefu za kuezekea, zenye ncha kali. "Hizi zinajitobolea zenyewe," akasema, na drili imeshaanza kulia. Chini ya kila tundu la rejeta, milimita chache tu, unapita mfereji wa maji; ndiyo maana skrubu zake huwa fupi na butu. Niliruka nikakumbatia ile rejeta kifuani. Watoto waliokuwa wakitazama wakacheka, fundi akazima drili, akaniuliza kwa upole kama nyumbani ni salama.

Matundu yalitanuliwa, fremu ikakamilika. Ilichomelewa kwa engo nene, ikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na ilikuwa nzito kuliko kompyuta. Tulipoifunga mgongoni mwa kasha, kasha likanyanyua pua kama mtumbwi uliopakiwa nyuma. Fundi akairudisha kibandani akaiongezea miguu miwili. Mwizi akija atachukua kompyuta, fremu ataisamehe.

Mipira niliipitisha nyuma, kwenye uwazi wa kibati kimoja nilichokichomoa pale zinapopachikwa kadi. Yakabaki maji. Ya bomba hayafai, yana chumvi na madini yanayoganda kwenye mifereji; yanatakiwa yaliyotoneshwa, yale yale ya kuongezea kwenye betri za magari. Nikaenda duka la spea.

"Maji ya betri yapo?"

"Yapo. Tindikali au ya kuongezea?"

"Ya kuongezea. Ni ya kompyuta."

Muuzaji alinitazama, akarudisha chupa rafuni. "Kaka, kompyuta hainywi maji. Nani fundi wako?" Wateja wawili wakageuka. Mmoja akashauri niweke kulanti ya kijani, gari lake Corolla linapoa vizuri sana. Mwingine akaniambia wazi kwamba nimeibiwa. Niliuziwa maji baada ya kuapa kwamba ni ya pikipiki.

Mfumo wa maji haujazwi ukawashwa siku hiyo hiyo. Kwanza unaendesha pampu peke yake, kompyuta imezimwa, na chini ya kila kiungo unatandika tishu ili tone likidondoka lionekane. Ili kuwasha pawasaplai bila kuamsha kompyuta unachomoa plagi yake kubwa na kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Kwa hiyo mtu aliyepita mlangoni usiku ule alikuta kompyuta iliyozimwa inanguruma, maji yanazunguka kwenye mirija, na mimi nimepiga magoti na tochi nikikagua karatasi nyeupe. Asubuhi mama mwenye nyumba alibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wenzako wanauliza. Hicho kidude kinavuta umeme wa nani?"

Nyumba yetu ina LUKU moja na tunachangia. Nikamweleza kwamba pampu na feni zote tatu hazifiki wati 30, nusu ya ile balbu ya kizamani ya wati 60. Aliitikia kwa adabu zote, na jioni akaitisha kikao cha LUKU.

Kilichoniokoa ni hewa. Rejeta ikifanya kazi hutoa upepo wa uvuguvugu, mkavu, usiokatika. Mtu wa kwanza kuuona uzuri wake hakuwa mimi. Siku moja narudi kutoka msalani nakuta sufuria la unga wa maandazi, limefunikwa kwa kanga, limekaa mbele ya feni ya katikati. Unga uliumuka ukataka kumwagika. Tangu hapo habari ya umeme haikusikika tena, badala yake alikuwa akitumwa mjukuu wa mama mwenye nyumba: "Anko, shikamoo. Bibi anauliza leo unarenda saa ngapi, anataka kukanda unga."

Penye uvuguvugu hapakosi foleni. Baada ya unga ikaja soksi ya shule, kisha nepi, kisha gauni zima la kitenge, likatundikwa juu ya fremu upande ule feni zinakovutia hewa. Feni inayovuta kitenge haivuti hewa. Nyuzi zikapanda, kompyuta ikaanza kukokota, na nilipolitoa lile gauni kwa ncha za vidole mwenye nalo akanuna, akidai halijakauka kiunoni.

Hayo yote yalivumilika hadi tangi lilipopata mpenzi. Tangi la plastiki angavu lina maji, lina mzunguko, lina viputo vinavyopanda. Mjukuu alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Anko, samaki wako wapi?"

"Hamna samaki. Ni maji ya kompyuta."

"Wamejificha?"

Mfuniko wa juu huachwa umelegezwa siku za mwanzo ili hewa iliyonaswa kwenye mipira itoke. Mtoto aliona hilo. Nilipotoka kununua vocha, huruma ikamshika, akapanda kwenye kiti akawalisha samaki mkate wa asubuhi.

Kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa kina mifereji ndani yake, mingi, iliyochongwa kwa upana usiofika milimita moja. Mkate uliolowa unapita vizuri kwenye mpira, unapita kwenye pampu, na ukifika hapo unasimama. Nilirudi nikakuta video imeganda pale pale: keki imeinuliwa, bwana harusi yuko mdomo wazi, bibi harusi kanyosha mkono, na prosesa iko nyuzi 98. Simu ikaita. Alikuwa mama wa bibi harusi.

"Baba, za tangu jana? Flashi yetu tuje saa ngapi?"

"Mama, wako kwenye keki."

Nilifungua skrubu nne, nikakiweka kile kipande sahanini. Mkate ulikuwa umejipanga mferejini mstari kwa mstari, rangi ya uji. Mswaki laini, siki, na maji mengine ya pikipiki. Usiku huo huo bwana harusi alikula keki yake, na prosesa haikuvuka nyuzi 70 hadi sherehe ikaisha.

Kwa hiyo usiku wa joto ukikushawishi utoe rejeta nje, itoe. Inafanya kazi, na kwa pwani yetu naipendekeza. Mpe fundi kipimo kwa milimita na usimamie pale pale. Usichanganye shaba na alumini kwenye mzunguko mmoja, moja italiwa na mwenzake. Pulizia vumbi kwenye mapezi yake mara kwa mara, maana la kwetu linakuja na chumvi ya bahari. Kubaliana na mama mwenye nyumba mapema juu ya zamu ya maandazi. Na kama nyumbani kuna mtoto mwenye huruma, kaza mfuniko, kisha umnunulie samaki na tangi lao.