Jinsi ya Kujenga Ukuta Bila Kumwuliza Mwenye Ploti

Nyumba nyingi za kupanga hapa Kaptembwo, Nakuru, ni chumba kimoja: futi kumi kwa kumi, mlango mmoja, dirisha moja. Kitanda, makochi, jiko na mgeni hutazamana mchana kutwa. Ukimwomba mwenye ploti akuongezee ukuta, atakuongezea kodi. Basi jenga mwenyewe. Ukuta huu hautaki saruji wala kibali cha jiji, ingawa Nakuru ni jiji tangu Desemba 1, 2021. Unaitwa pazia.

Pima kiwanja. Futi kumi ni kama mita 3, lakini usiliamini neno la mwenye ploti; iamini tepu. Pima upana wa chumba, kisha kutoka pale waya wa pazia utakapopita hadi sentimita 2 juu ya sakafu. Tuseme umepata sentimita 200. Ongeza 5 za njia ya waya na 10 za pindo la chini: 215.

Nunua tofali. Kitambaa cha pamba chenye upana wa mita 1.5 kinatosha kwa vipande vitatu, na mita 7 hukuachia nafasi ya kitambaa kurudi. Pale dukani kiinue kwenye mwanga. Ukimwona muuzaji upande wa pili, kirudishe, maana mgeni naye atakiona kitanda chako vivyo hivyo.

Loweka kabla ya kukata. Pamba hurudi ikionja maji. Irudi leo kwenye karai, isije ikarudi mwezi ujao ikiwa imeshashonwa na kuacha miguu ya kitanda nje. Ikikauka, ipige pasi, ukate vipande vitatu. Kama kuna maua, mashina yote yatazame chini; kipande kimoja kikigeuzwa, utalala ukitazamana na bustani ya popo.

Acha mlango. Unga vipande viwili, cha tatu kiache huru. Ukuta usio na mlango utauruka vipi usiku ukiitwa na mtoto?

Shona. Piga bandi kwanza, ndipo upitishe cherehani. Kama huna cherehani, mkono unatosha: shona kwa mshono wa kurudi nyuma, hatua ndogondogo, kwa uzi maradufu. Kingo za pembeni zikunje mara mbili ili nyuzi zisifumuke. Pindo la chini usilipunguze hata ukiona ni refu mno. Mpangaji huhama, na waya wa ploti ijayo huenda ukawa juu zaidi. Utafumua pindo, ukuta wako urefuke bila kununua kitambaa kingine.

Paua. Ndoana ya waya hupenda kunasa ndani ya njia yake. Ivalishe kifuniko cha biro, itateleza hadi mwisho. Waya uwe mfupi kuliko chumba kwa kiasi cha sentimita 10 ili uvutike vizuri, na pale vipande vinapoachana uushikilie kwa ndoana nyingine kwenye boriti. Kitambaa chote hicho ni mzigo. Jiko na stovu viwe mbali kabisa. Ukuta huu unazuia macho, lakini moto ukiufikia utapita nao chumba kizima.

Fua. Jina la Nakuru hutajwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na kiangazi vumbi hilo huja kulithibitisha. Kila mwezi teremsha ukuta, uufue, uuanike, uurudishe kabla giza halijaingia.

Jioni hiyo vuta pazia. Upande mmoja mtoto mchanga amelala gizani. Upande wa pili dada yake anafanya hesabu chini ya taa, wala hakuna anayemnyima mwenzake haki yake. Hodi ikibishwa, itikia kwa sauti: karibu sebuleni. Sebule sasa unayo, na umeishona mwenyewe.