Wiki Moja ya Kurudi Mapinga

Jumatatu

Kutwa nzima tumekaa kikao cha kuandaa kikao. Nimetoka ofisini saa kumi na moja jioni, kichwa kimebakiwa na uwezo wa kusoma tu. Kufikiri kuliisha tangu mchana. Basi nikasoma. Lori la mchanga lililokuwa mbele yangu limeandikwa nyuma: "Wivu wa nini, gari la mkopo." Nimelifuata kutoka Mwenge hadi Lugalo. Wivu haukuja.

Lugalo ni kambi ya jeshi, na hapo madereva wote hugeuka watu wa adabu. Mikanda inafungwa, honi zinanyamaza, bodaboda anavaa ile kofia ngumu aliyokuwa ameitundika kwenye kiwiko. Kambi ikiisha, kofia inarudi kwenye kiwiko. Viwiko vya jiji hili viko salama kabisa.

Boko kuna ukuta umeandikwa: "Eneo hili haliuzwi. Ogopa matapeli." Hatua chache mbele, ukuta mwingine: "Viwanja vinauzwa, vimepimwa." Kuta zote mbili zina namba ya simu, na ni namba moja. Foleni ilinipa nafasi ya kulinganisha tarakimu zote kumi.

Nimeingia nyumbani saa tatu kasorobo. Mke wangu akasema nimechelewa. Nikamwambia foleni. Akauliza Ijumaa ilikuwa nini. Foleni. Na Alhamisi? Foleni.

"Basi hujachelewa, baba watoto," akasema. "Huo ndio muda wako."

Jumanne

Barabara imechimbwa. Inajengwa njia ya mwendokasi, awamu ya nne, ya kutoka katikati ya jiji hadi Tegeta. Barabara hii hii, kutoka Mwenge hadi Tegeta, kilomita 12.9, ilipanuliwa kwa msaada wa Japani ikawa na njia nne, kazi ikakamilika 2014. Ni wakati huo nilipouziwa kiwanja Mapinga. Dalali aliniambia ni dakika arobaini kutoka Mwenge. Hakusema za saa ngapi.

Afrikana kulikuwa na kijana wa vesti ya njano anaongoza magari. Alituzuia, akaruhusu upande wa pili, akatuzuia tena. Zamu yake ikaisha. Akavua vesti, akaikunja, akaondoka kwa miguu. Nimemkuta Mtongani, amekaa kwenye benchi, anakunywa kahawa na kashata. Amenipungia mkono. Nami nimempungia, maana sisi sasa tunafahamiana.

Kiyoyozi cha gari langu, IST, kilikufa zamani, kwa hiyo natembea vioo wazi. Mvua ilipoanza Tegeta nikabonyeza swichi. Vioo vitatu vikapanda. Cha dereva kikabaki chini. Mvua ilitoka upande wa kulia. Nimefika Bunju nusu mtu mkavu na nusu mtu mwingine.

Fundi wa Bunju akachungulia mlango, akasema, "Bosi, hii waya tu." Akaufungua mlango wote, akatoa vyuma, akavipanga chini juu ya gunia. Haikuwa waya. Akavirudisha vyote isipokuwa kimoja, ambacho amesema hakina kazi. Dirisha amelizibia kwa mfuko wa saruji. Nimekilipia kioo kilichobaki chini, na mfuko nimepewa bure.

Jumatano

Nimepita Wazo nikiwa nimebandika saruji ya Wazo dirishani. Kiwanda kile kimekuwa kikitoa saruji tangu 1966, na sidhani kama kuna siku kimetangazwa kwa mwendo wa taratibu namna hii. Dereva wa daladala amenipigia honi, akauliza mfuko mmoja shilingi ngapi.

Asubuhi kazini mwenzangu alikuwa amegundua kwamba ukishavuka Bunju umetoka Dar es Salaam, umeingia Mkoa wa Pwani, Wilaya ya Bagamoyo. Kwa hiyo, akasema, mimi kila jioni nasafiri kwenda mkoani, na mtumishi akilala nje ya mkoa wake wa kazi ana haki ya posho ya kujikimu. Watu wote wakacheka. Mimi nikaenda kumuuliza mhasibu. Mhasibu hakucheka. Amesema nilete barua ya kuitwa huko ninakokwenda. Nimemwambia mke wangu aniandikie. Bado anafikiria.

Jioni, kwenye foleni ya Tangi Bovu, mchuuzi akapenyeza ramani ya Tanzania upande wa abiria na kuikunjua yote, ikafunika kioo cha mbele. Sikuwa naenda popote, basi nikaisoma. Bagamoyo nimeiona. Mapinga sikuiona.

"Kaka," akasema mchuuzi, "hiyo ni ramani ya nchi, siyo ya mtaa."

Nimeinunua kwa sababu nyuma walianza kupiga honi na yeye hakuwa na haraka ya kuikunja.

Tegeta Kibaoni nimesimama ubavuni mwa toroli lenye kipaza sauti kinachouza dawa. Sauti imerekodiwa na haipumui: dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, chawa, viroboto, dawa ya panya, dawa ya mende. Mwenye toroli hakuwepo. Alikuwa ng'ambo anakula chipsi, mbali na sauti yake. Njia nne zikiisha hapo, magari yote yanajaribu kuingia kwenye njia mbili kwa pamoja, kwa hiyo nimeisikiliza dawa hiyo hadi nikaujua mpangilio wake.

Mezani mke wangu akauliza niongezewe nini. Nikajibu, "Mende, kunguni, chawa." Mtoto mdogo akamalizia, "Viroboto." Kumbe na yeye hupita Kibaoni.

Alhamisi

Leo nilitaka kurudi na kitu mkononi. Nikakunja Mtongani, nikashuka hadi soko la samaki la Kunduchi, nikanunua vibua fungu moja. Muuzaji akauliza naishi wapi. Nikamwambia Mapinga. Akatazama saa, akatazama vibua, akanipunguzia bei.

Boko lori la kokoto lilikuwa limekufa katikati ya barabara. Dereva wake alikuwa amelala chini yake. Miguu tu ndiyo ilionekana, na miguu ile haikuwa inatengeneza kitu. Tukakaa.

Hapo ndipo nilipowakumbuka Chuma na Susi, watumishi wa yule mvumbuzi, Livingstone. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 huko Chitambo, ambako leo ni Zambia. Wao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaupaka mwili chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakaufungasha na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Aprili mzigo ukazikwa London, Westminster Abbey. Miezi ile yote njiani, na mzigo ukapokelewa.

Nimewaza sana tofauti iliyopo kati ya msafara wao na wangu. Wao walikuwa na magonjwa, njaa na vijiji vyenye uhasama. Mimi nina lami. Lakini wao, kabla hawajaondoka, walikausha.

Mke wangu amelinusa gari kabla ya kuliona. Vibua amepewa paka wa jirani. Paka amevitazama, akamtazama mke wangu, akaondoka.

Ijumaa

Mwenge nimemkuta mzee jirani yetu amesimama kituoni na kikapu kilichofungwa kamba. Nikasimama, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda nyumbani?"

Nikamwambia ndiyo. Akakiweka kikapu kiti cha nyuma, akaketi mbele, akauliza mbona gari linanuka bahari. Kabla sijajibu akalala.

Tangi Bovu akaamka. "Tumefika wapi?" Tangi Bovu, mzee. Akalala. Mtongani akaamka. "Tumefika wapi?" Mtongani. Akalala. Tegeta akaamka, akatazama nje kwa muda, akauliza kama tunarudi.

Baada ya Bunju usingizi ukamwisha. Akanionyesha kila penye ukuta na kunieleza palikuwa nini: hapa mikorosho, hapa minazi, hapa shamba la mtu fulani aliyeuza akanunua pikipiki, pikipiki ikaibiwa. Akaniuliza mimi hasa huwa nafanya kazi gani. Nikamweleza: ripoti, vikao, barua pepe, halafu barabara hii kwenda na kurudi. Akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli.

"Mungu amekujalia," akasema. "Kutwa umekaa."

Nimemteremsha kwake, amenishukuru, ameniombea maisha marefu.

Saa nne usiku akapiga simu. Kikapu kimebaki garini, na ndani mna kuku wa kienyeji aliyepewa na binti yake. Nikamwambia asiwe na shaka, gari liko uani, geti limefungwa.

"Najua," akasema. "Lakini huyo ni wa kutaga. Hebu kamwangalie."

Nikachukua tochi nikaenda. Ametaga. Nikampa taarifa. Kimya kidogo, halafu mzee akatoa hukumu: kuku ni wake, yai ni langu, maana limetagwa kwenye gari langu.

Kwa saa zote nilizokaa barabarani wiki hii, hilo ndilo pato pekee. Nimelikaanga usiku huohuo, kabla hajabadili mawazo.