Abiria Mkorofi
Katika mabasi ya mikoani nchini Tanzania, ambayo sheria huyataka yasizidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva anayeinamia simu kwa sekunde 5 katika mwendo huo huwa ameshakwenda takriban mita 111 bila kuitazama barabara, umbali unaoushinda uwanja wa mpira wa kawaida; lakini anayehesabiwa kuwa mkorofi ni abiria anayethubutu kumwambia aiweke chini. Kondakta humtaka anyamaze au ashuke hapo hapo porini, na abiria wenzake, walioinamia simu zao pia, humwona ana kiherehere, yaani hulka ya kujitia katika yasiyomhusu, kana kwamba shingo iliyomo hatarini si yake. Dereva naye, kwa adabu zote, hugeuka nyuma kumtazama vizuri mlalamikaji, simu ingali mkononi.